Mtu wa Unga na Khiari Yake

Katika mabaraza yetu, tangu Mombasa mpaka Voi, kuna maneno mawili yasemwayo juu ya kijana aliyeingia katika unga, na kila neno lina watu wake. La kwanza ni la wale wasemao: "Amejitakia mwenyewe. Hakushikwa mkono na mtu, basi na aache kama alivyoanza." La pili ni la wale wasemao: "Huyu ni mgonjwa, na mgonjwa hana lawama, mwacheni." Wa kwanza humfukuza, wa pili humwachilia, na kijana mwenyewe baina yao huzidi kuzama. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili yamehukumu kabla ya kujua. Kwa hiyo tumekusudia kueleza kwanza unga wafanya nini ndani ya ubongo wa mwanadamu, kwa kadiri ilimu ya tiba ilivyofika leo, kisha ndipo tuulize: Je, mtu wa unga ana khiari? Ikiwa anayo, ni kiasi gani? Na ikiwa imepunguka, ni nani mwenye wajibu wa kumsaidia kuirejesha?

Swala hili si la Mombasa, Malindi na Lamu peke yake. Voi ni njia panda. Hapa hupita barabara kuu itokayo bandarini kwenda Nairobi na Uganda. Hapa huchepuka njia ya Mwatate na Taveta iendayo mpakani mwa Tanzania. Na reli mpya iliyofunguliwa 2017 ina steshini yake hapa. Mji wa njia panda hupata kheri za wasafiri, na shari zao pia. Kinachoshushwa pwani kwa jahazi hakikai pwani.

Kwanza tujue unga ni nini. Wazee wetu walikuwa na neno kasumba, na maana yake ya asili ni afyuni, utomvu mzito unaogemwa katika tunda bichi la mpopi. Siku hizi twalitumia neno hilo kwa fikra iliyomganda mtu kichwani hata asione nyingine. Na maana hii mpya, kama msomaji atakavyoona, haiko mbali na ile ya asili. Mwanzoni mwa karne ya 19, mtengeneza dawa wa Kijerumani aitwaye Friedrich Sertürner alitoa katika afyuni kiini chake kinachotuliza maumivu, nacho ndicho mofini. Mwaka 1874, mwanakemia wa Kiingereza C. R. Alder Wright akaigeuza mofini kwa asidi ikawa kitu kingine. Na mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaanza kukiuza kitu hicho kuwa ni dawa ya kikohozi, kwa jina la Heroin. Hiyo ndiyo heroini, na ndiyo unga ulioenea katika miji ya pwani yetu tangu miaka ya 1980, wengine wakiuvuta moshi wake, wengine wakiuchanganya na bangi katika msokoto mmoja, na wengine wakijidunga kwa sindano.

Mirungi si katika ukoo huu, wala bangi, wala muguka, ambayo Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walitoa amri za kuizuia, na shauri likafika mahakamani. Kila kimoja cha hivyo kina mlango wake katika ubongo na madhara yake. Ukoo tunaousema sisi ni wa afyuni: mofini, heroini, kodeini iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi, tramadoli, pethidini, fentanili na methadoni. Wataalamu huuita ukoo wote huo opioidi.

Sasa tuingie ndani. Ubongo umejengwa kwa seli nyingi mno zinazopelekeana khabari. Seli moja hutoa chembe ndogo ya kemikali, nayo chembe hiyo huingia katika sehemu maalumu iliyoko juu ya seli ya pili, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli. Kufuli hiyo huitwa kipokezi. Ufunguo usio wake haufungui. Ulio wake hufungua, na seli hutii. Mwaka 1973 Candace Pert na Solomon Snyder, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Baltimore, Marekani, walithibitisha ya kwamba katika ubongo mna kufuli ambazo mofini huingia kwa usawa kabisa; na mwaka huohuo Eric Simon huko New York na Lars Terenius huko Uppsala, Sweden, wakafika kwenye jambo hilohilo kila mmoja kwa njia yake.

Hapo likazuka swali ambalo hata mtoto wa chuoni angeliuliza. Kwa nini mwanadamu awe na kufuli ya mmea unaoota mbali naye, ambao watu wengi huishi na kufa pasi na kuuona? Kufuli haitiwi mlangoni ila kwa ajili ya ufunguo wa mwenye nyumba. Jawabu lilipatikana mwaka 1975, wakati John Hughes na Hans Kosterlitz, huko Aberdeen, Scotland, walipotoa katika ubongo wa mnyama chembe ambazo mwili wenyewe huzitengeneza, zinazoingia katika kufuli zizohizo. Zikafuatia nyingine za jamii yake, nazo huitwa endofini, maana yake mofini ya ndani. Kumbe Mwenyezi Mungu ameumba dawa ya maumivu ndani ya mwili kabla ya daktari yeyote. Ndiyo sababu aliyejeruhiwa katika ghasia aweza kukimbia na jeraha lake asilihisi mpaka afike mahali pa amani. Dawa hiyo hutolewa kwa kipimo, kwa wakati wake, na ikishafanya kazi yake huvunjwavunjwa ikaondoka. Mmea wa mpopi haukupewa kufuli yake ndani yetu. Una ufunguo unaofanana na wetu, basi.

Ufunguo huo wa bandia ukiingia hufanya mambo matatu yaliyo makubwa. La kwanza, katika uti wa mgongo na katika ubongo huzuia khabari ya maumivu isipite. Na hii ndiyo faida yake, ambayo madaktari wameitumia kwa karne nyingi. La pili, hugusa mahali pa ubongo panapomfundisha mtu kupenda lenye kumfaa. Hapo mna seli zinazotoa kemikali iitwayo dopamini, na juu yake kumewekwa seli nyingine za ulinzi zinazozizuia zisipite kiasi. Dopamini ndiyo inayouambia ubongo: "Jambo hili ni kubwa, likumbuke, lirejee." Mtu akila akiwa na njaa, au akikutana na ampendaye, hutoka kwa kiasi. Heroini huwalaza walinzi wale, na dopamini ikamwagika pasi na kiasi. Ubongo huandika kwa herufi kubwa kwamba hakuna duniani jambo kubwa kuliko lile, na maandishi hayo hayafutiki upesi. La tatu, katika shina la ubongo mna seli zinazopiga mdundo wa pumzi, usiku na mchana, sisi tukiwa hatuna khabari. Juu ya seli hizo pia zimo kufuli hizo. Zikifunguliwa nyingi kwa pamoja, mdundo hupungua, kisha husimama. Wengi wanaouawa na unga huuawa kwa njia hii: hulala, na pumzi ikakoma.

Heroini haitofautiani na mofini kwa kufuli, hutofautiana kwa mwendo. Imetengenezwa kwa namna ambayo huvuka upesi ukuta unaoukinga ubongo na damu, kisha ndani hugeuka tena kuwa mofini. Kadiri jambo linavyofika upesi, ndivyo ubongo unavyolishika kwa nguvu.

Lakini ubongo si mjinga. Ukiona kufuli zake zinafunguliwa kila siku na mgeni, hujirekebisha. Kufuli nyingine huacha kuitika, nyingine huondolewa, na seli zilizonyamazishwa hujitia nguvu ndani yake ili zipate kusema juu ya unyamavu ule. Basi kete moja iliyomtosha mwezi wa kwanza haimtoshi mwezi wa tatu. Ataka mbili, kisha tatu. Na siku atakapoukosa unga, zile seli zilizojizidishia nguvu hubaki hazina wa kuzizuia, zikapiga kelele zote kwa pamoja. Hii ndiyo arosto. Huanza saa chache baada ya kete ya mwisho, hufika kilele chake siku ya pili au ya tatu: mifupa huuma, jasho hutoka na baridi humshika, tumbo huharisha, macho na pua humwagika maji, usingizi hutoweka, na kifua hujaa khofu isiyo na jina. Maumivu mengi ya mwili hupungua baada ya juma moja au siku kumi. Ama uchovu, ukosefu wa usingizi na ile hamu, huweza kukaa miezi.

Tuzingatie hapo. Mtu huingia katika unga akitafuta furaha, lakini haendelei nao kwa ajili ya furaha. Baada ya muda furaha huisha kabisa, akabaki kila alfajiri anakimbia adhabu. Anayedhani kwamba teja aliyelala chini ya ukuta wa soko yuko katika starehe, hajui alitendalo ulimi wake.

Kuna jambo moja zaidi. Ubongo haukuandika furaha peke yake, uliandika pia pahali, saa, sura na sauti. Kona ya kituo cha mabasi, rafiki wa msokoto, hata harufu ya kiberiti, kila kimoja huwa mwadhini wa hamu. Ushahidi wake ulionekana mwaka 1971. Askari wengi wa Marekani waliokuwa Vietnam walikuwa wametumbukia katika heroini. Serikali yao ikaamuru wapimwe mkojo kabla ya kurejeshwa kwao, na mtaalamu Lee Robins akafuatilia khabari zao baada ya kurejea. Walio wengi waliacha, na wachache tu waliorejea katika utumwa ule, kwa sababu pale pahali, wale watu na ule wepesi wa kuupata walikuwa wameviacha nyuma. Kijana wetu hana bahari ya kuvuka. Akitoka matibabuni hurejeshwa katika mtaa uleule, chumba kilekile na kona ileile, kisha huambiwa: "Tuone kama wewe ni mwanamume."

Sasa turejee kwenye swala letu. Tazameni lori linaloteremka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate, katika ile njia ya makona. Dereva aliyeanza safari huku akijua breki zake ni mbovu ana lawama, wala hapana hoja ya kumtetea. Lakini lori likishachukua kasi katikati ya mteremko, kumpigia kelele "Simama!" hakumsaidii yeye wala walio mbele yake. Wakati huo kinachotakiwa ni kitu cha kulipunguza mwendo. Na lori likishasimama chini, swala hugeuka kuwa jingine: nani atatengeneza breki, na nani atakubali kumpa kazi tena?

Khiari ya mtu wa unga ni hivyo. Ina daraja tatu. Katika daraja ya kwanza, kabla ya kuonja, khiari yake ni kamili, na lawama yake ni kamili, illa awe mtoto aliyedanganywa au mgonjwa aliyepewa na tabibu pasi na tahadhari. Katika daraja ya pili, ubongo ukishageuzwa, khiari imepunguka lakini haikufa. Hawezi kwa neno moja kuamuru arosto isimpate, kama mtu asivyoweza kuamuru homa imtoke. Lakini aweza kukubali kushikwa mkono, aweza kwenda zahanati, aweza kukataa kuiba na kudhulumu. Kwa hayo ataulizwa. Katika daraja ya tatu, baada ya kuacha, khiari hurejea kidogo kidogo kama afya inavyomrudia aliyelala kitandani mwaka, na wakati huo huhitaji fimbo ya kuegemea. Wasemao "amejitakia" wameiona daraja ya kwanza tu. Wasemao "hana lawama" wameiona ya pili tu. Na ile ya tatu, ambayo ndiyo yetu sisi, hakuna aliyeitazama.

Na wala hatusemi jambo geni katika dini. Sheikh Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i, aliyeishi na kufa Makka katika karne ya kumi ya Hijra, ambaye vitabu vyake husomeshwa katika darsa za pwani mpaka leo, aliulizwa juu ya mtu aliyezoea kula afyuni hata ikawa akiikosa ataangamia. Hakumwambia: "Na afe, amejitakia." Wala hakumwambia: "Endelea, huna dhambi." Alijibu kwa maana hii: ikiwa yajulikana kwa yakini kwamba ataangamia, basi si halali tu kwake kuila, bali ni wajibu, kwa kuihifadhi roho yake, kama nyamafu ilivyo kwa mwenye dharura, lakini ni wajibu pia aipunguze kidogo kidogo, mpaka mwili uache kuitamani pasi na kushtuka. Mwanachuoni huyo hakuwa na darubini wala maabara, lakini aliona zaidi ya miaka mia nne iliyopita kwamba mazoea yaliyoingia katika mwili hutolewa kwa daraja. Nasi sote tumesoma ya kwamba hata ulevi wenyewe, katika zama za Mtume wetu (S.A.W.), haukuharamishwa kwa siku moja, bali kwa hatua.

Kwa msingi huo ndipo tuitazame methadoni, ambayo wengi wetu wanaichukia bila ya kuijua. Twasikia ikisemwa: "Wanawatoa katika ulevi mmoja kuwatia katika ulevi mwingine." Maneno haya yana chembe ya kweli, kwa kuwa methadoni nayo ni ya ukoo wa opioidi na huingia katika kufuli ileile. Lakini mwendo wake ni mwingine. Hunywewa, haidungwi, huingia polepole, hukaa mwilini siku nzima na zaidi, na kipimo kikiwa sawa, mtu aliyeuzoea ukoo huu halewi. Heroini humpandisha na kumwangusha mara nne tano kwa siku. Methadoni humweka katika usawa mmoja, hana kilele wala arosto, akapata nafasi ya kulala, kula, kufanya kazi na kusimama katika sala na akili yake. Tiba hiyo ilianzishwa New York katikati ya miaka ya 1960 na Vincent Dole, Marie Nyswander na Mary Jeanne Kreek. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani likaiandika methadoni katika orodha ya dawa za lazima. Mwaka 2011 ikaanza kutolewa Muhimbili, Dar es Salaam. Na Kenya ikaanza mwishoni mwa 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha Malindi mwaka 2015, halafu Mombasa na Kwale.

Hatusemi kwamba methadoni haina khatari. Ikinywewa kupita kiasi, au na mtu asiyezoea, khasa mtoto, huua kwa njia ileile ya kuzima pumzi. Ndiyo sababu hutolewa mbele ya muuguzi, kwa kipimo, siku baada ya siku. Msomaji na afikiri hapo maana ya masafa: baina ya Voi na Mombasa pana kiasi cha kilomita 150 na zaidi, na dawa ya kila siku haifuatwi kwa nauli ya mtu asiye na kazi. Wanaosema katika vikao vya kata na vya kaunti kwa niaba yetu, na waulize dawa hii yafika umbali gani na mtu wa Taveta au Mwatate, kabla ya kuuliza kwa nini vijana hawaachi.

Hapa tuonye jambo linaloua kwa nia njema. Aghlabu jamaa humfungia kijana chumbani siku kumi mpaka arosto imtoke, kisha wakashukuru na kumfungulia mlango. Wakati huo mwili wake umesahau mazoea, lakini hamu haikusahau. Akitoka, akikutana na kona yake, hupiga kete zilezile alizokuwa akipiga zamani, na pumzi yake haiwezi tena kuzibeba. Hatari ni hiyohiyo kwa atokaye kifungoni, kiwe cha Manyani, cha Shimo la Tewa au kwengineko: majuma ya kwanza ya uhuru ndiyo yenye mauti mengi. Basi asifungiwe mtu kisha akaachwa peke yake. Na akionekana amelala, haamki kwa kuitwa wala kutikiswa, midomo imekuwa ya samawati, pumzi yake ni ya mbali mbali au ya kukoroma, huyo hajalala, anakufa. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na wakati wa kungojea avutiwe pumzi kinywa kwa kinywa. Akiwa bado anavuta pumzi mwenyewe, alazwe ubavu. Iko dawa iitwayo naloksoni, ambayo huingia katika kufuli zile kwa nguvu kuliko unga, ikausukuma unga nje, na pumzi ikarejea kwa dakika chache. Lakini kazi yake huisha kabla ya unga kwisha mwilini, kwa hiyo hata aliyeamka na kusema "nimepona" asiachwe. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba dawa hii iwe karibu na watu walio na uwezekano wa kushuhudia tukio kama hilo, si madaktari peke yao.

Kwa upande mwingine, kufuli hiyohiyo ni mlango wa rehema, na khofu ya unga isitufanye tuufunge. Wako wazee wenye saratani wanaokufa katika maumivu makali, na jamaa zao wakaikataa mofini kwa kusema ni haramu, au kwa kuogopa mgonjwa asije akawa teja. Wanazuoni wa madhehebu yetu walijadili zamani kutumia chenye kuondoa fahamu kwa ajili ya kukata kiungo kilichooza, na Imamu Nawawi akakiruhusu. Basi itakuwaje dawa ituliayo mgonjwa, kwa kipimo cha tabibu, tena fahamu yake ikiwapo aweze kutamka shahada? Uganda, tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya maji hunywewa na wagonjwa majumbani mwao, na mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Ufunguo ni mmoja, kufuli ni moja. Kinachotofautisha dawa na sumu ni mkono unaotoa, kipimo, na haja.

Basi lawama kamili ni ya nani? Ni ya muuzaji. Yeye hana arosto. Yeye ubongo wake ni mzima, khiari yake ni nzima, na kila kete huiuza akiwa macho. Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata jahazi mashariki ya Mombasa, na ndani yake heroini zaidi ya tani moja. Bahari ile iliyowaletea wazee wetu tende, mazulia na vitabu, ndiyo waliyoipitisha shehena ile. Na wako kati yetu wanaojua nyumba ya mwuzaji, wanakula harusi zake, wanapokea sadaka yake, kisha wakimwona mnunuzi wake mlangoni mwa msikiti wanamkemea. Huku ni kupindua mizani: mwenye khiari kamili anatukuzwa kwa mali yake, na mwenye khiari iliyovunjika anatukanwa kwa umasikini wake.

Imepokewa katika Sahihi ya Imamu Bukhari khabari ya mtu aliyekuwa akiletwa mara kwa mara mbele ya Mtume (S.A.W.) kwa kunywa pombe, akaadhibiwa. Siku moja mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume akakataza kulaaniwa kwake, na akashuhudia ya kwamba mtu huyo anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu haikufutwa, na mapenzi hayakukanushwa. Mambo mawili yalikaa pahali pamoja, nasi twayatenga kwa uvivu wa kufikiri.

Ndugu zetu, kwa hayo tuliyoyaeleza, haitoshi kwetu kusema "aache." Mwenye duka na ampe kazi ya nusu siku yule anayekunywa dawa yake kwa nidhamu. Jirani mwenye chumba mbali na ile kona na ampangishe. Imamu na amwachie nafasi katika safu, wala asimfanye mfano katika khutba hali ameketi mbele yake. Mzazi na ajue kwamba kuanguka mara ya pili au ya tatu katika ugonjwa huu ni jambo la kutazamiwa, si dalili kwamba juhudi zote ni bure. Na kijana mwenyewe na ajue ya kwamba hatukumwondolea hesabu yake: khiari aliyobakiwa nayo, hata ikiwa ni ya kunyoosha mkono tu, ataulizwa ameinyoosha kwa nani. Nasi tutaulizwa kama alipounyoosha alimkuta mtu.